Nyanya chotara uani: kulima Anna F1 mche kwa mche

Mbegu ya nyanya chotara huuzwa kwa kuhesabiwa punje. Ukiimimina pakiti ndogo ya Anna F1 kwenye kisahani cheupe, utaona punje chache ndogo, bapa, nyepesi kiasi cha kupeperushwa na pumzi, na kila moja umeilipia mara nyingi zaidi ya punje ya Tanya au Tengeru 97, ambazo mkulima anaweza kuzikamua kutoka katika nyanya zake mwenyewe na kuzisia tena msimu unaofuata. Bei hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza kazi yote ninayoieleza hapa. Mwenye bustani ya uani hana sababu ya kumwaga mbegu ya namna hii kwenye tuta kisha kung'oa iliyosongamana. Aisie moja moja, aihesabu, na ajue kila mche ulipo mpaka siku ya kuung'oa.

Ughali huo una sababu yake. F1 maana yake ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti, ambao kila mmoja ametunzwa kwa vizazi vingi hadi tabia zake zikatulia. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mzalishaji wa mbegu hulazimika kulifungua likiwa bado kitumba, kuondoa sehemu za kiume kwa koleo ndogo, kisha kupaka chavua ya mzazi wa pili, ua kwa ua. Watoto wa ndoa hiyo hufanana wote na huwa na nguvu kuliko wazazi wao, lakini wajukuu hutawanyika. Mwaka wa kwanza nilipoilima Anna nilikamua mbegu za tunda zuri kuliko yote, nikazikausha kwenye gazeti na kuzisia msimu uliofuata. Miche ilitoka yote, na kwa wiki sita sikuona tofauti. Ilipozaa, mmoja ulileta matunda ya mviringo yenye maji mengi, mwingine vitunda vidogo vigumu, wa tatu ulikoma kurefuka ulipofika kiunoni, na miwili ilinyauka pale pale ambapo mama yao alikuwa amesimama imara. Tangu hapo sikamui mbegu ya chotara. Ipo njia nyingine ya kuongeza miche bila kununua pakiti ya pili, nami nitaieleza tutakapofika kwenye kupunguza machipukizi.

Kabla ya kununua, soma herufi zilizoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu ndizo zinazoeleza unanunua nini. V au Vd ni ustahimilivu wa mnyauko wa vetisilia. F au Fol ni mnyauko fuzari. N, au M yenye herufi nyingine mbele yake, ni minyoo fundo wa mizizini. ToMV ni virusi vya batobato, vinavyotia majani mabaka. TYLCV ni virusi vya mkunjo wa majani, ugonjwa ambao wakulima wengi wa Tanzania wanauita rasta. Anna inasifika kwa ustahimilivu wa hayo matatu ya mwanzo, na hayo ndiyo yanayosumbua sana udongo wa uani uliokwisha kulimwa nyanya au bilinganya. Usiitegemee dhidi ya rasta, na wala usitafute herufi za kukukinga na kantangaze, nondo ambaye kiwavi wake hula majani na matunda. Nunua kwa muuzaji wa pembejeo anayejulikana, angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, na usikubali mbegu iliyopimwa kutoka katika pakiti iliyokwisha kufunguliwa.

Wakati na kitalu

Anna ni nyanya ndefu, yaani shina lake haliachi kurefuka na kutoa maua maadamu lina afya, kwa hiyo huhitaji miezi mingi ya hali ya hewa nzuri mfululizo. Hapa Morogoro ninasia mwishoni mwa Aprili, mvua za masika zikielekea ukingoni, ili miche iingie bustanini mwishoni mwa Mei na kupata kipupwe chote. Ubaridi wa Juni na Julai unaisaidia: nyanya huanza kupukutisha maua joto la mchana linapopita nyuzi 32 na usiku ukiwa wa fukuto, jambo ambalo wakazi wa Dar es Salaam na Tanga wanalijua vyema kwa nyanya zao za Januari na Februari. Katika nyanda za juu kama Lushoto au Mbeya hofu ni tofauti, kwa maana ubaridi wenye unyevu ndio unaoleta bakajani, ugonjwa wa ukungu unaobabua majani, na huko ni afadhali kuipanda chini ya paa la nailoni.

Changanya sehemu mbili za udongo wa juu wa msituni na sehemu moja ya mboji iliyoiva, umimine maji yanayochemka juu yake, uache upoe na kukauka kidogo. Jaza vikombe vya mtindi vilivyotobolewa chini, tengeneza kishimo cha sentimita 1, weka punje moja, fukia na umwagilie kwa mnyunyizo mwembamba. Miche huchomoza kati ya siku ya 5 na ya 8. Ikishachomoza ipe mwanga wa kutosha mara moja. Miche inayokaa gizani hurefuka ikawa myembamba, na wembamba huo hautengemai. Funika kitalu kwa chandarua chenye matundu madogo tangu siku ya kwanza, kwa sababu inzi weupe wanaoeneza rasta huanza kazi yao miche ikiwa na majani mawili tu, na mche ulioambukizwa ukiwa mdogo kiasi hicho hauzai kitu cha kukaa mezani.

Baada ya wiki 3 hadi 4, miche ikiwa na majani halisi 4 au 5 na unene wa kalamu ya risasi, izoeshe jua kwa wiki moja huku ukipunguza maji kidogo kidogo.

Kupandikiza

Chagua mahali panapopata jua kwa saa 6 au zaidi, ambapo kwa miaka mitatu hapajaota nyanya, pilipili, bilinganya wala viazi mviringo. Chimba mashimo yenye kina cha sentimita 30, ukiacha sentimita 50 kati ya shimo na shimo na 75 kati ya mstari na mstari. Kila shimo liweke kopo la kilo moja la samadi iliyooza vizuri na kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya kupandia ya DAP, kisha changanya na udongo mpaka usione chembe za mbolea, kwa kuwa chembe ikigusa mzizi huuchoma. Asiye na ardhi atumie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa kitakoni, mche mmoja kwa kila ndoo. Nimeona watu wakipanda miwili ili kupata faida, na mara zote wamevuna pungufu ya aliyepanda mmoja.

Pandikiza jioni. Kata majani ya chini kabisa na uzamishe shina hadi karibu na majani yaliyobaki, kwa kuwa nyanya huotesha mizizi mipya kwenye shina lililofukiwa, na mche wenye mizizi mingi hustahimili kiangazi. Mwagilia, kisha tandaza majani makavu kwa unene wa vidole vinne bila kugusa shina. Matandazo haya yana kazi kubwa kuliko kuhifadhi maji: ustahimilivu wa minyoo fundo uliomo ndani ya mbegu hupungua nguvu joto la udongo likizidi takriban nyuzi 28, hivyo aliyeacha tuta lake wazi juani anaitupa sehemu ya kile alichokilipia.

Kamba, machipukizi na chakula

Simika nguzo mbili mwisho wa kila mstari, funga waya kwa urefu wa mita 2, na kwa kila mche teremsha kamba. Kamba ya katani inafaa, ila mahali inapogusa shina pitisha kitambaa laini kwa mzunguko wa herufi nane, ili shina linenepe bila kukatwa. Zungusha shina kwenye kamba kila wiki.

Sasa tazama pale jani linapokutana na shina. Kwenye kwapa hilo hutokea chipukizi, ambalo likiachwa huwa shina kamili lenye majani, maua na machipukizi yake. Katika wiki chache mche wa Anna uliosahauliwa hugeuka kichaka chenye unyevu ndani, na bakajani haihitaji mwaliko mwingine. Bakiza shina moja, au mawili kama nafasi inaruhusu, na mengine uyavunje kwa vidole asubuhi yakiwa na urefu wa kidole cha shahada, ili kidonda kikauke kabla ya jioni. Anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mimea, kwa kuwa batobato huhama kutoka kwenye tumbaku.

Machipukizi hayo ndiyo njia niliyoiahidi. Chagua mawili au matatu kwenye mche usio na dalili yoyote ya mkunjo wa majani, yaache yafike sentimita 15, yakate, ondoa majani ya chini, na uyachomeke kwenye vikombe vya udongo wenye unyevu kivulini. Baada ya siku 10 hadi 14 yatakuwa na mizizi. Mche unaopatikana hivyo ni Anna yule yule, kwa sababu haukupitia kwenye ua wala mbegu, na hivyo punje moja ya bei ghali huweza kukupa miche minne ya kupanda kwa zamu. Rasta ikiwepo kwenye mama itakuwepo kwa watoto wote, kwa hiyo usichukue chipukizi la mche unaoutilia shaka.

Wiki ya tatu baada ya kupandikiza, weka kijiko kimoja cha chai cha CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, kuzunguka mche, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, na umwagilie. Matunda ya kwanza yakifikia ukubwa wa gololi, hamia kwenye mbolea yenye potashi nyingi, kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili. Ukiendelea na naitrojeni tupu utapata majani mazuri ya kijani kibichi na maua machache.

Maji yanahitaji uaminifu kuliko wingi. Msimu mmoja mgao wa maji ulitukamata matunda yakiwa yananenepa. Nilikaa siku tano bila kumwagilia, na maji yaliporudi nikalowesha bustani kupita kiasi kwa furaha. Wiki iliyofuata kila tunda la shada la tatu lilikuwa na doa la kahawia kitakoni, lililobonyea na kukauka kama ngozi. Huko ndiko kuoza kitako. Hausababishwi na mdudu wala ukungu, bali tunda hukosa kalisi, ambayo husafiri na maji na hukatika maji yanapokatika. Wengi hukimbilia maganda ya mayai, lakini hayo huoza polepole na hayawezi kuokoa matunda ya msimu huo huo. Kinachosaidia ni kumwagilia kiasi kile kile kila siku moja au mbili, asubuhi, shinani na si juu ya majani. Tangu hapo ninaweka pipa la akiba.

Maadui wa kuwajua kwa macho

Kantangaze ametoka Amerika ya Kusini na aliingia Tanzania na Kenya mwaka 2014. Nondo wake ni mdogo wa kijivu na hutaga chini ya majani. Kiwavi hula katikati ya jani bila kulitoboa ngozi, akiacha doa jeupe linalopitisha mwanga ukilishika kuelekea juani, na ndani yake utaona vinyesi vyeusi. Baadaye huingia kwenye tunda karibu na kikonyo. Katika bustani ya miche michache silaha bora ni macho: pita kila asubuhi, chuma kila jani lenye doa, funga kwenye mfuko wa plastiki na uuweke juani siku nzima. Usiyatupe kwenye mboji. Mnyunyizo wa mwarobaini husaidia viwavi wakiwa wachanga, na ukilazimika kutumia dawa ya dukani, heshimu idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuchuma iliyoandikwa kwenye chupa, kwa maana watakaokula ni watoto wako.

Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, kata kipande cha shina la chini na ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukiteremka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Hauna tiba, na herufi F na V za pakiti hazihusiki nao. Ng'oa mche pamoja na udongo wake na usipande tena nyanya hapo.

Kuchuma

Takriban siku 75 baada ya kupandikiza, shada la chini huanza kubadilika rangi. Chuma tunda likiwa limeanza wekundu kitakoni. Litaivia ndani ya nyumba kwa utamu ule ule, na ndege hawatalionja kwanza. Usiliweke kwenye friji, kwani baridi huua harufu yake. Majani yaliyo chini ya shada lililokwisha kuchumwa yakate, na shina likifika kwenye waya lilaze na kamba pembeni liendelee kupanda.

Mashada yanapoanza kutoa matunda madogo madogo, kwa kawaida joto la Novemba likirudi, ng'oa mche taratibu na utazame mizizi yake kabla ya kuichoma. Mizizi iliyonyooka na kuwa laini inaonyesha kwamba minyoo fundo haikushinda. Ukiona vinundu, andika mahali hapo kwenye daftari, na msimu ujao panda mahindi au vitunguu.