Vyumba vya chini Bukavu: ukuta uliolowa haujionyeshi Agosti

Ndugu zangu mnaohamia Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), kikazi au kibiashara, nisikilizeni kabla hamjatoa garanti, yaani amana ya kodi anayoishika mwenye nyumba. Mimi nilipoteza ya miezi sita kwa sababu ya ukuta mmoja.

Mji huu umekaa milimani juu ya Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kiwanja tambarare ni adimu, kwa hiyo fundi hukata mlima na kuinua ukuta palepale penye mkato. Nyumba inapata vyumba vya chini: mbele dirisha linatazama ziwa, nyuma ya tofali ni udongo mtupu. Kodi yake ni nafuu, ndiyo maana sisi wageni tunaangukia humo.

Nyumba yangu niliiona Agosti. Kiangazi cha huku ni kifupi, Juni hadi Agosti, na udongo ukikauka ukuta nao hukauka. Ule wa nyuma ulikuwa na rangi mpya ya mafuta kutoka sakafuni hadi kiunoni. Kutoka hapo kwenda juu ni rangi ya zamani. Komisionere, yaani dalali wa nyumba, akasema ni mapambo. Nikaamini! Jamani, rangi mpya ya nusu ukuta inaficha kitu. Uliza kilichopo chini yake.

Oktoba rangi ikavimba malengelenge, ukitoboa yanatoka maji. Ukatokea unga mweupe, nao ni chumvi kweli: maji yanayopenya tofali na saruji huibeba, yakikauka usoni mwa ukuta huiacha. Lipu ikawa laini, kidole kinazama. Fremu ya mlango ikaoza chini na godoro likaota ukungu. Nilipomwita bayere, yaani mwenye nyumba, akatazama kamba yetu ya nguo, akasema: "Hii mayi ni yenu ya kufula."

Hapo ndipo niliponaswa. Hatukuwa tumeandika hali ya nyumba siku ya kuingia, kile wenyeji wanachokiita eta de lie, kwa hiyo sikuwa na pa kushika. Garanti yote ikaenda kwenye "matengenezo". Na sheria ya upangaji ya 2015 inasema garanti ya makazi isizidi miezi mitatu. Mimi nilitoa sita kwa haraka ya kuogopa kunyang'anywa nyumba.

Shemeji yangu alitaka kutuma garanti kwa simu baada ya kuona video tu. Shemeji, video hainusi! Chumba kilicholowa kina harufu ya gunia bichi hata kikiwa kimepakwa rangi. Njoo mwenyewe, sogeza kabati lililobanwa konani, tazama nyuma yake. Angalia kutu kwenye bawaba za chini. Ukiona ufa mrefu wa kulala katikati ya ukuta, au ukuta umetokeza tumbo, udongo unausukuma: toka, usijadili bei.

Ukuta usipokueleweka, bandika kipande cha nailoni, kiasi cha nusu mita kila upande, ufunge kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Unyevu ukiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka mlimani. Ukiwa juu ya nailoni ni mvuke wa chumbani, fungua madirisha. Ukuta ukilowa hata Julai, shuku bomba, au shimo la choo la jirani wa juu.

Rangi haitibu. Dawa iko nje: mfereji nyuma ya nyumba, mabomba ya maji ya paa yayatoe mbali, na ukuta wa kuzuia udongo uwe na matundu ya kupitishia maji.

Watu wa Bukavu ni wema. Majirani ndio walionisaidia kubeba vitanda usiku. Lakini huku neno la mdomo halina uzito mbele ya karatasi yenye muhuri, na naona wako sahihi, sisi ndio tunaojidanganya kwa kuzoea kuelewana. Mkataba upeleke ofisi ya makazi ya komini, yaani serikali ya mtaa ya eneo lako la mji. Eta de lie iandikwe chumba kwa chumba, pamoja na picha, bayere asaini. Akikataa kusaini, acha nyumba.

Julai iliyofuata nilipita pale. Fundi alikuwa ndani, anapaka ukuta ule hadi kiunoni.