Namna ya kukagua ushahidi wa madai ya afya kuhusu viungo vya mitishamba

1. Liandike dai upya. "Huimarisha mwili" halipimiki. Andika kiungo gani, kiasi gani kwa siku, kwa muda gani, kwa watu wa aina gani, na kinabadilisha kipimo gani. Dai lisiloandikika hivyo, liache hapo hapo.

2. Tafuta tafiti. Anza na Cochrane Library (hazina ya mapitio ya tafiti za afya), kisha PubMed (hifadhidata ya makala za tiba). Tafuta kwa jina la kisayansi la mmea. Mdalasini, kwa mfano, unaweza kuwa Cinnamomum verum au Cinnamomum cassia, na hiyo ni mimea miwili. Chagua mapitio ya kimfumo (yanayokusanya na kupima tafiti zote za swali moja) na majaribio ambayo washiriki waligawanywa kwa kura. Tafiti za panya na za seli ziweke kando. Pakua makala nzima, kwa sababu ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, mara nyingi huficha unachokihitaji katika hatua inayofuata.

3. Linganisha walichomeza washiriki na ulicho nacho mkononi. Hapa ndipo wengi hukosea, hata waliosoma tafiti kwa uangalifu. Utafiti haupimi "manjano". Unapima bidhaa moja, iliyotengenezwa kwa njia moja, kwa kiasi kimoja. Fungua sehemu ya mbinu uangalie kama ni unga, chai, au kiini kilichokolezwa.

Chukua manjano yenyewe. Unga wake una takriban asilimia 3 tu ya kurkumini, kiambato chake tendaji. Kijiko cha chai cha gramu 3 kina kama miligramu 90. Jaribio likitumia miligramu 1,000 za kurkumini kwa siku, ungehitaji zaidi ya gramu 33 za unga, yaani vijiko kumi na kimoja, kila siku. Kwa hiyo matokeo ya jaribio hilo hayawezi kuuza kikombe cha chai ya manjano.

Halafu kuna ufyonzwaji. Kurkumini hufyonzwa kidogo sana, ndiyo maana bidhaa nyingi huongezewa piperini ya pilipili manga. Utafiti wa mwaka 1998 uliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, na kiwango chake kwenye damu kikapanda sana. Jaribio lililotumia mchanganyiko huo halisemi lolote kuhusu kurkumini peke yake. Tena piperini hupunguza kasi ya mwili kuvunja baadhi ya dawa, kwa hiyo iandike kama kiungo cha pili.

Usidanganywe na "10:1" kwenye lebo. Maana yake ni kilo 10 za mmea kwa kilo 1 ya kiini, basi. Haisemi kiambato tendaji ni kiasi gani, wala kama kilitolewa kwa maji au kwa alkoholi, na kurkumini karibu haiyeyuki kwenye maji. Mimi naiamini lebo inayotaja miligramu za kiambato chenyewe. Isiyotaja hailinganishiki na utafiti wowote.

4. Soma matokeo. Tafuta tofauti kati ya kundi la kiungo na kundi la plasebo (kidonge bandia kisicho na kiungo). Makala ikisifu tu kwamba kundi la kiungo "lilipata nafuu kuliko mwanzo", angalia plasebo nayo ilipata nafuu kiasi gani. Fungua ClinicalTrials.gov, sajili ya majaribio ya tiba, uone kama kipimo kikuu ndicho kilichosajiliwa kabla. Kwa vitu vyenye harufu kali kama kitunguu saumu, angalia pia kama washiriki waliulizwa walidhani wamepewa nini. Aliyeinusa kapsuli anajua.

5. Usalama una ushahidi wake. Jaribio la wiki 8 lenye watu 40 haliwezi kuonyesha madhara ya nadra. Soma tathmini za EFSA, mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula. Mwaka 2018 ilieleza kuwa EGCG, kemikali ya asili ya chai ya kijani iliyo katika kundi la katekini, ikitumiwa kama kirutubisho kwa miligramu 800 au zaidi kwa siku, ilihusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Kwa kumarini, kemikali ya asili ya mimea ambayo imejaa zaidi kwenye mdalasini wa cassia, kikomo chake ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku: mtu wa kilo 60, miligramu 6.