SOMO: Mota ya betri moja kwa darasa la sayansi (soma mpaka mwisho kabla hujaniuliza "mbona haizunguki")

Wakuu, salaam. Ni mimi, Ticha wa Maabara.

Kila shule zikikaribia maonyesho ya taaluma, simu yangu inajaa picha za mota zilizolala juu ya meza na swali lile lile. Nimejibu mpaka nimechoka. Naandika mara moja hapa, na atakayeniuliza tena namrushia uzi huu.

Somo ni la mwanafunzi, kuanzia darasa la sita mpaka kidato cha nne. Mzazi kazi yako ni kushika tochi umeme ukikatika. Mota uliyotengeneza wewe, mtoto akiulizwa swali moja tu na mwalimu, anabaki anaangalia dari.

VIFAA

Betri kubwa moja ya 1.5 V, mpya, zile za tochi za zamani. Sumaku ya spika mbovu ya redio. Pini mbili kubwa za nepi. Kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Msasa laini au kiwembe. Na waya wa shaba wa kusukia mota, unene wa nusu milimita hivi, mita moja na nusu.

Waya usinunue roli zima. Nenda mtaa wa Gerezani hapa Dar au mtaa wowote wenye mafundi wa kusuka mota za pampu na feni, salimia vizuri, omba vipande. Wengi hawakudai hata mia. Ila kagua kabla hujaondoka: kwangua ncha kidogo kwa ukucha au funguo. Ukiona weupe chini ya ile rangi nyekundu, hiyo ni aluminiamu iliyovishwa shaba. Inafanya kazi, lakini ukiikunja mara mbili tatu inakatika, na mtoto atalia bure. Waya uliotolewa kwenye feni iliyoungua nao uache, vanishi yake imeshakuwa mkaa na mizunguko itagusana.

HATUA

1. Zungusha waya kwenye betri yenyewe mara 10, acha kama sentimita 5 kila upande. Chomoa. Hiyo ndiyo pete.

2. Kila ncha ivirigishe mara mbili kwenye pete ili isifumuke, kisha itoe nje. Ncha mbili zitazamane, ziwe kwenye mstari mmoja ulionyooka unaopita katikati ya pete. Ishike kwa vidole uizungushe. Ikiyumba kama baiskeli yenye rimu mbovu, nyoosha tena.

3. KUKWANGUA. Hapa ndipo mota tisa kati ya kumi ninazoletewa zinapofia, kwa hiyo soma polepole.

Ule waya una vanishi juu yake, na vanishi haipitishi umeme. Ncha ya kwanza ikwangue yote, pande zote, mpaka ing'ae. Ncha ya pili ikwangue NUSU TU: upande mmoja ung'ae, upande wa pili vanishi ibaki ilivyo.

Nusu ipi? Simamisha pete kama sahani iliyoegemezwa ukutani, ncha ilale kwenye ukingo wa meza, halafu kwangua upande wa juu peke yake. Narudia: pete IMESIMAMA. Ukiilaza pete mezani kama chapati ukakwangua juu, umeharibu. Mota itatikisika, itarudi, itatulia. Utabadilisha betri, utabadilisha sumaku, utamtukana aliyekuuzia, na kosa liko pale kwenye ncha.

Sababu ni hii. Mkondo ukipita kwenye pete, sumaku inaisukuma upande mmoja. Pete ikigeuka nusu mzunguko huku mkondo bado unapita vilevile, msukumo unageuka na kuirudisha ilikotoka. Ile nusu yenye vanishi inakata umeme wakati huo mbaya, pete inamalizia mzunguko kwa kasi yake yenyewe, halafu umeme unarudi na kuisukuma tena. Kwenye mota kubwa kazi hiyo inafanywa na kamyuteta, ambayo yenyewe haikati tu, inageuza kabisa mwelekeo wa mkondo. Sisi tunakata, inatosha. Ukiilaza pete wakati wa kukwangua, umeme unapita nusu ya muda ikisukumwa mbele na nusu ya muda ikirudishwa nyuma. Inabaki palepale.

Tahadhari mbili. Usikwangue kuelekea kidoleni, kiwembe hakina urafiki. Na usikwangue leo kwa maonyesho ya wiki ijayo: hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, shaba inafifia haraka. Asubuhi ya siku yenyewe pitisha msasa mara moja.

4. Pini moja kila mwisho wa betri, matundu yawe juu. Funga kwa mpira wa tyubu uliovutwa sawasawa. Selotepu hulegea kwenye joto.

5. Sumaku juu ya betri, katikati ya pini mbili.

6. Ncha kwenye matundu. Isukume kidogo kwa kidole. Haijiwashi yenyewe, usiisubiri.

Ukimaliza kuonyesha, toa pete. Mita moja ya waya huu ina ukinzani usiofika hata 0.1 Ω, kwa hiyo betri inaona kama imeunganishwa ncha kwa ncha. Waya unapata moto, betri inaisha. Sekunde 20 au 30 za kuonyesha, toa, pumzisha.

MASWALI YA WADAU

Baba Nasra: Mwalimu shukrani. Hivi unauza iliyokamilika? Mtoto anatakiwa apeleke kesho asubuhi, niko Kimara nitatuma boda.

Ticha wa Maabara: Siuzi. Una jioni nzima, kazi ni ya saa moja. Mwite Nasra umsomee hatua ya 3.

Chuma_Tandika: Betri kubwa sina. Natumia ya simu ya zamani, imechajiwa full. Sawa?

Ticha wa Maabara: HAPANA. Betri ya simu ni ya lithiamu, ukiiunganisha na waya mfupi namna hii inatoa mkondo mkubwa sana, inavimba, inaweza kuwaka. Na kabla mwingine hajauliza: soketi ya ukutani ni 230 V, inaua. Betri ya dukani ya 1.5 V, basi.

mtu_wa_Buguruni: Nimefuata KILA KITU haizunguki. Somo lako lina kasoro.

Ticha wa Maabara: Weka picha.

mtu_wa_Buguruni: [picha]

Ticha wa Maabara: Huo ni waya wa plastiki wa kuvutia umeme nyumbani. Nimeandika waya wa kusukia mota. Wa plastiki ukishauchuna umechuna wote, hakuna nusu ya kubaki. Tena ni mzito, pini zako zimepinda kwa uzito, hata pichani inaonekana. Somo halina kasoro.

mtu_wa_Buguruni: Ungesema.

Ticha wa Maabara: Nimesema. Sehemu ya vifaa, sentensi ya mwisho ya aya ya kwanza.

Neema F3: Shikamoo mwalimu. Yangu imezunguka! Nikaipindua sumaku juu chini, ikazunguka kinyume. Nikaigeuza na betri nayo, ikarudi mwelekeo wa mwanzo. Ni sahihi au nimebahatisha?

Ticha wa Maabara: Marahaba Neema. Hujabahatisha hata kidogo, na hukuambiwa ujaribu, ndiyo maana nimefurahi. Mwelekeo wa kani unategemea vitu viwili: mwelekeo wa mkondo na mwelekeo wa uga wa sumaku. Ukigeuza kimoja, kani inageuka. Ukigeuza vyote viwili, inageuka mara mbili, yaani inarudi ilipokuwa. Ile kanuni ya Fleming ya mkono wa kushoto mnayokariri darasani ndiyo hiyo, sasa umeiona kwa macho. Hatua inayofuata: tengeneza pete tatu, za mizunguko 5, 10 na 20. Kabla hujawasha andika kwenye daftari unadhani ipi itaenda kasi zaidi na kwa nini. Kisha pima.

Neema F3: Nitapimaje? Inaenda haraka, macho hayafuati.

Ticha wa Maabara: Azima simu yenye video ya mwendo pole. Bandika kikaratasi chekundu upande mmoja wa pete, rekodi, halafu hesabu kikaratasi kinapita juu mara ngapi. Kama simu inarekodi picha 120 kwa sekunde na pete inamaliza mzunguko kila baada ya picha 12, hiyo ni mizunguko 10 kwa sekunde. Usishangae ile ya 20 isipoongoza: mizunguko inaongeza kani, lakini inaongeza na uzito na ukinzani. Ukipata jedwali zuri lenye vipimo vilivyorudiwa, mwonyeshe mwalimu wako, mnaweza kuanzia hapo kupeleka mradi Young Scientists Tanzania, yale mashindano ya sayansi ya wanafunzi. Wale majaji wanauliza "umejuaje?", na wewe utakuwa na daftari.

Fundi Redio: Ticha mbona unawasumbua watoto na msasa? Sisi tunachoma vanishi kwa kiberiti, unafuta na kitambaa, kwisha.

Ticha wa Maabara: Fundi, kwa ncha ya kwanza sawa, ingawa moshi wake mbaya, wafanye nje. Kwa ncha ya pili moto hauchagui nusu. Unachoma pande zote na mota imekufa.

Fundi Redio: Hapo kweli. Basi na mimi niongeze moja: ile sumaku ya spika ina tundu katikati. Pete isikae juu ya tundu, ikae juu ya mwili wa sumaku, nguvu iko pale. Na ikivunjika wakati wa kuibandua msitupe, kila kipande bado ni sumaku kamili.

Ticha wa Maabara: Nzuri sana hiyo. Wadau, ichukueni.

Mwl_Chanika: Mwenzangu, darasa langu limejaa na betri nilizonazo ni nne tu. Unafanyaje?

Ticha wa Maabara: Pete kila mtoto atengeneze yake, waya ni bure na somo lote liko kwenye pete. Betri, pini na sumaku zifunge tayari, weka vituo vinne kwenye kona za darasa. Wanapanga foleni, kila mmoja anakuja na pete yake, anaiweka, anaona. Ambaye yake haizunguki harudishwi kwenye kiti na sababu yako; anakaa kwenye meza ya katikati na wenzake ambao zao hazikuzunguka, wanalinganisha ncha na zilizozunguka mpaka wagundue wenyewe. Ile meza ina kelele kuliko soko la Tandale, uvumilie. Na betri zipumzishe katikati ya foleni, zikipata joto zinalegea.

Mwl_Chanika: Asante sana. Na kwa kemia? Maabara yetu kiashiria cha asidi na besi kimeisha.

Ticha wa Maabara: Choya. Ile rozela kavu ya kutengenezea juisi, inapatikana soko lolote. Chemsha kiganja kimoja kwenye kikombe cha maji, chuja, usitie sukari. Kwenye maji ya ndimu inabaki nyekundu, kwenye maji ya magadi inakwenda kijani. Tengeneza ya kutumia siku hiyohiyo, ikikaa nje inaota ukungu.

Baba Nasra: Mwalimu, imezunguka. Ila Nasra anauliza kwa nini inalia kama nyuki.

Ticha wa Maabara: Ncha zinaruka kwenye matundu ya pini. Mwambie azinyooshe, hatua ya 2.