Somo: Jinsi ya kujua kilichojaza diski ya kompyuta yako

Wakuu, habari zenu. Diski C ikishageuka nyekundu, wengi wetu hukimbilia kufuta. Picha zinaondoka, nyimbo zinaondoka, programu mbili tatu zinatolewa, na wiki haijaisha nyekundu imerudi. Picha 1,000 za MB 3 kila moja ni kama GB 3 tu, na huenda kuna faili moja la GB 20 limejificha ambalo hujawahi hata kuliona. Inauma mtu kupoteza picha za familia bure, ndiyo maana nasisitiza: pima kwanza, futa baadaye. Hatua hizi ni za Windows 10 na 11. Wa Linux, angalieni maswali ya mwisho.

Hatua ya 1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, ingia System, kisha Storage. Subiri kidogo, utaonyeshwa programu zimechukua kiasi gani, mafaili ya muda kiasi gani, na kadhalika. Ni picha ya jumla tu, haikwambii faili lenyewe liko wapi.

Hatua ya 2. Pakua programu ya kupima folda. WinDirStat, TreeSize Free na WizTree zote zinafaa. Mimi natumia WizTree, kwa sababu kwenye diski ya NTFS (mpangilio wa mafaili ambao Windows hutumia kwa kawaida) haizunguki folda moja moja: inasoma moja kwa moja jedwali la MFT, ambamo Windows huandika jina na ukubwa wa kila faili. Kazi ya dakika kadhaa inakwisha kwa sekunde. Ni ya bure kwa matumizi binafsi, ofisini inataka leseni. Ipakue kwenye tovuti ya wenyewe; tovuti za kukusanya programu hupachika takataka zao humo.

Hatua ya 3. Ifungue kwa Run as administrator, yaani kama msimamizi. Usiiruke hii. Bila ruhusa hiyo kuna folda za mfumo ambazo programu haiwezi kuingia, na mara nyingi mzigo umelala humo humo.

Hatua ya 4. Chagua C, bofya Scan, kisha fuata folda kubwa kuliko zote, ingia ndani yake, ufuate tena iliyo kubwa, mpaka ufike kwenye faili lenyewe. Chini kuna ramani ya mistatili ya rangi. Mstatili ukiwa mkubwa, faili nalo ni kubwa. Ukiubofya unapata jina na njia yake.

Sehemu zinazobeba mzigo mara kwa mara: Downloads, AppData ndani ya folda yako ya Users (imefichwa, ndiyo maana haionekani kirahisi), Windows.old baada ya kupandisha toleo, na C:\Windows\Temp.

Hiyo Temp niizungumzie kidogo. Kwenye Windows 7 hasa, unaweza kukuta mafaili mengi yenye majina yanayoanza na cab_, yamejipanga kama safu ya matofali. Chanzo chake kipo kwingine, C:\Windows\Logs\CBS. Kumbukumbu za masasisho zikivuka GB 2, Windows inashindwa kuzibana, inaacha kipande Temp, inajaribu tena, inaacha kingine, mpaka diski inajaa. Ukifuta za Temp peke yake zitarudi. Futa pia faili kubwa la CbsPersist lililoko kule, ndipo mzunguko unakatika. Bila kupima, hili huwezi kulibaini hata ufute picha zote.

Usiguse WinSxS, folda iliyo ndani ya C:\Windows inayotunza vipande vya Windows yenyewe, kwa mkono. Inaonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa sababu mafaili yake mengi ndiyo yale yale yaliyomo kwenye folda nyingine za Windows, yanahesabiwa mara mbili. Ukitaka kuipunguza, fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimeona hiberfil.sys GB 6. Nifute?

Jibu: Usilifute kwa mkono. Hilo ndilo linalohifadhi kazi zako kompyuta ikilala kwa hibernate, na kwa kawaida huchukua kama asilimia 40 ya RAM. Kama huitumii, andika powercfg /h off kwenye Command Prompt ya msimamizi, litaondoka lenyewe. Ujue tu kuwa Fast Startup (kuwaka haraka) nayo itazimika, hivyo kuwaka kunaweza kuchelewa kidogo.

Swali: Na pagefile.sys?

Jibu: Liache, ndugu yangu. Linaisaidia RAM ikielemewa.

Swali: Nimenunua diski ya GB 500, kompyuta inaonyesha 465. Nimeibiwa?

Jibu: Hapana. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni 1, Windows inahesabu 1,024 × 1,024 × 1,024. Diski ni ile ile.

Swali: WizTree inasema GB 150, Windows inasema GB 190. Hizo 40 ziko wapi?

Jibu: Kwanza hakikisha umeifungua kama msimamizi. Kisha shuku restore points (nakala za kuirudisha Windows ilivyokuwa), zinazokaa System Volume Information. Andika vssadmin list shadowstorage kwenye Command Prompt ya msimamizi uone zimechukua kiasi gani. Kiwango chake unakishusha kwenye System Protection, kitufe cha Configure. Usizizime kabisa, siku Windows ikiharibika utazihitaji.

Swali: Sisi wa Linux je?

Jibu: sudo du -xh / --max-depth=1 | sort -h, kisha shuka folda hadi folda. Ukisakinisha ncdu, inayofanya kazi hiyo hiyo kwa orodha ya kupitia, utapata raha zaidi. Na kama df (amri ya kuonyesha nafasi ya diski nzima) inasema diski imejaa lakini du haioni kitu, kuna faili lililofutwa huku programu bado imelishikilia. Andika sudo lsof +L1, iwashe upya programu itakayotajwa, nafasi inarudi hapo hapo.