Kuwapeleka watoto viwanjani katika joto la kaskazi

Likizo ya skuli ya Disemba, sherehe za Mapinduzi za tarehe 12 Januari na, kwa miaka hii, Idi el-Fitri inayoangukia mwezi wa Machi, zote zinatufikia katika kipindi cha kaskazi, ambacho ndicho kipindi cha joto kali zaidi Unguja na Pemba. Ndicho pia kipindi ambacho viwanja vya kufurahishia watoto, Kariakoo kwa upande wa Unguja na Tibirinzi kule Chake Chake, hujaa familia kuliko siku nyengine yoyote. Maelezo haya yameandikwa kwa wazazi, mashangazi na wajomba wanaobeba jukumu la kuwatembeza watoto siku hizo, na hasa kwa wale wanaopokea wageni kutoka Ulaya au nyanda za juu za bara, kwa sababu mwili uliotoka kwenye baridi huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto, na mgeni wa siku tatu hajafika huko.

Kwanza ni vyema kufahamu joto letu ni la namna gani. Kipimajoto cha Februari husoma nyuzi 32 au 33, na mtu aliyewahi kuishi Maskati anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo. Tatizo ni unyevu. Mwili haupozwi na jasho linalotoka bali na jasho linalokauka, na hewa ya visiwani, ambayo tayari imejaa mvuke wa bahari, hulikausha jasho polepole mno. Ndiyo maana mtoto anaweza kuloa chapachapa huku joto la ndani ya mwili wake likizidi kupanda. Kwa hivyo, unapochagua mahali pa kukaa, usitafute kivuli peke yake; tafuta kivuli chenye upepo. Chini ya mwembe uliokaa wazi panafaa zaidi kuliko ndani ya kibanda cha mabati kilichozungushiwa kuta, hata kama kibanda hicho kina giza zaidi.

Jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, ni saa ya kutoka. Jua letu halifiki utosini saa sita kamili bali kiasi cha saa sita na nusu, na wiki ya kwanza ya Machi hupita juu ya vichwa vyetu moja kwa moja, kiasi kwamba kivuli cha mtu mzima hujikunja miguuni pake na kuta hazimkingi mtu yeyote. Joto la hewa huendelea kupanda baada ya hapo hadi saa nane au saa tisa. Atakayeipanga siku yake vizuri atafanya matembezi ya asubuhi hadi saa nne, atarudi nyumbani kwa chakula, sala na usingizi, kisha atatoka tena baada ya Alasiri, na ikiwezekana asubiri hadi saa kumi na nusu. Desturi ya wazee wetu ya kupeleka watoto sikukuu jioni ina hekima hii ndani yake, na sioni sababu ya kuibadilisha.

Wenye mashaka zaidi ni wale wanaotoka shamba. Familia ya Makunduchi au Nungwi hupanda daladala mapema ili kuwahi nafasi, hushuka mjini saa tano, na kisha hukaa juani ikingoja viwanja vichangamke. Kama ni lazima mtoke mapema, ongeeni na jamaa wa mjini siku moja kabla, mpate pa kupumzikia kuanzia saa tano hadi saa tisa. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zenye kuta nene za mawe na chokaa hubaki na ubaridi mchana. Chumba cha bati kisicho na dari hakifai kumlaza mtoto saa hizo. Asiye na jamaa aende kwenye bustani yenye miti mikubwa, atandike mkeka na awaweke watoto hapo bila ya kukimbia.

Nguo mpya za sikukuu zinahitaji uamuzi wa upole lakini thabiti. Suti ndogo yenye bitana, gauni la nailoni lenye matabaka na soksi nzito huzuia jasho kukauka, na mtoto hatalalamika kwa kuwa amezisubiri nguo hizo mwezi mzima. Mwache azivae asubuhi anapokwenda kuamkia watu na kupokea mkono wa Idi, kisha mbadilishe nguo nyepesi ya pamba kabla ya kwenda kiwanjani. Kwa akina mama, baibui pana la kitambaa chepesi linalopitisha hewa halina taabu kubwa. Linalotesa ni lile linalobana au lililovaliwa juu ya nguo nyengine nzito. Chukueni kanga moja ya ziada. Ukiilowesha maji na kumtanda mtoto shingoni na mabegani mahali penye upepo, utamsaidia kuliko malai (aiskrimu) yoyote.

Kuhusu kunywa, msimngojee mtoto aseme ana kiu. Mtoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili anayekimbia huhitaji mililita 100 hadi 250 kila baada ya dakika 20, na mdogo wake anywe mafunda machache kwa mpangilio huo huo. Mkojo wa rangi ya chai ni ishara kwamba amechelewa kunyweshwa. Dafu ni kinywaji kizuri sana, ila lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, kwa hivyo aliyetoka jasho jingi alinywe pamoja na chakula chenye chumvi. Barafu za ukwaju na za ubuyu huburudisha, lakini uliza zimetengenezwa kwa maji gani, maana mtoto anayeharisha katika joto hili hupoteza maji kwa njia mbili kwa pamoja. Mtoto mchanga aliye chini ya miezi sita hapewi maji. Ananyonyeshwa mara nyingi zaidi. Na mama anayefunga Sita za Shawwal, yaani saumu ya siku sita baada ya Idi el-Fitri, asipewe kazi ya kukimbizana na watoto. Kazi hiyo ifanywe na asiyefunga.

Kabla ya mtoto kukaa kwenye pembea au mtelezo wa chuma, weka kiganja chako hapo. Chuma kilichopigwa na jua mchana kutwa huunguza mapaja ya mtoto kwa muda mfupi sana. Gari nalo, likifungwa juani, hupanda joto kwa kiasi cha nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu; asiachwe mtoto humo hata kwa kwenda kununua tiketi.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza na mtoto mchangamfu kunyamaza ghafla. Mtoto huyo mtoe kwenye mchezo, mlaze penye upepo na miguu iinuliwe kidogo, mlegeze nguo, mlowanishe na umpepee, kisha umnyweshe kidogo kidogo maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu bila ya kujazwa kilima. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, mpeleke hospitali.

Akianza kubabaika, kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba, kupata degedege au kuzimia, hiyo ni hatari ya maisha, hata kama bado anatoka jasho. Tafadhali msidhani amelewa usingizi wala amepandwa na kitu. Mmwagieni maji mwili mzima papo hapo, mpepeeni kwa nguvu, na muombeni muuza barafu awape barafu za kufunga kwenye kitambaa na kuziweka shingoni, makwapani na kwenye kinena. Msimpe kinywaji kama hana fahamu kamili. Parasetamoli haishushi joto la aina hii. Mtu mwengine atafute gari wakati nyinyi mnaendelea kumpoza, na mmwagieni maji njiani hadi mfike Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Unguja au, kwa walioko Tibirinzi, Hospitali ya Chake Chake. Mtoto aliyeugua hata kwa dalili zile nyepesi asirudi kiwanjani kesho yake, kwa kuwa mwili uliozidiwa na joto jana huzidiwa upesi zaidi leo. Sikukuu ya mjini ni ya siku nne, na atapata nyengine.