Jinsi ya kuangalia mapambano ya David Tua mpaka uelewe kwa nini hakuvaa mkanda

Wengi wakisikia jina la bondia David Tua wanakimbilia ile video ya sekunde 19 anamlaza John Ruiz, wanashangaa, basi wameishia hapo. Haitoshi wadau. Huyu Msamoa kapanda ulingoni mara 59 kwenye ngumi za kulipwa, kashinda 52, na 43 kati ya hizo kwa KO (mpinzani kashindwa kuendelea), sare 2, na zile 5 alizopoteza zote ni za pointi za majaji, hakuna aliyewahi kummaliza. Na ubingwa wa dunia hakuupata. Ukitaka kuelewa ilikuwaje usiangalie video ovyo ovyo, fuata mpangilio.

Kwanza mjue mtu. Kazaliwa 1972 kijiji cha Faleatiu, kisiwa cha Upolu kule Samoa, familia ikahamia Auckland, New Zealand, akakulia South Auckland ambako watu wa visiwa vya Pasifiki wamejaa. Olimpiki ya Barcelona 1992 akabeba shaba baada ya kufungwa nusu fainali na Mnigeria David Izonritei (lishike hilo jina), na mwaka haujaisha akawa ameshaingia ngumi za kulipwa. Sasa kitu cha kuweka kichwani muda wote ni urefu wake, sentimita kama 178 hivi. Kwenye uzito wa juu huo ni ufupi haswa, maana yake kila mpinzani anamfikia yeye kabla yeye hajamfikia mpinzani, kwa hiyo kila pambano lake ni swali moja tu, ataingiaje ndani?

Anza na Ruiz, Machi 1996, Atlantic City, ila weka spidi ya chini kabisa. Ile ngumi ya kushoto ya kuzungusha iache kwanza, angalia magoti na kiuno. Anainama kidogo upande wa kushoto, uzito wote unalala mguu wa kushoto, halafu anainuka nao, kiwiko kimekunjwa, kisigino kinageuka na nyonga inageuka, mkono unakuja mwishoni kabisa. Irudie mpaka uone kwamba nguvu inatoka chini. Na usimdharau Ruiz, miaka mitano baadaye alimpiga Evander Holyfield akawa bingwa wa dunia wa WBA, mojawapo ya vyama vinavyotoa mikanda.

Halafu nenda Juni 1997, Sacramento, Tua na Ike Ibeabuchi wa Nigeria. Hapa tenga saa nzima, chukua karatasi na kalamu, zima sauti kabisa maana watangazaji watakuamulia. Kila raundi anayeshinda mpe 10, mwingine 9, akiangushwa mtu 10 kwa 8. Walirusha ngumi 1,730 jumla kwa wale wanaohesabu wa CompuBox, ikawa rekodi ya uzito wa juu, na Ibeabuchi peke yake alirusha 975! Tua alipoteza kwa pointi lakini kwangu mimi hili ndilo pambano lake bora kuliko yote, kuliko hata zile KO, kwa sababu alikuwa mwepesi, anatembea, anarusha ngumi mfululizo, anapiga mwili kisha anapanda kichwani, na anakula ngumi nzito raundi 12 bila kurudi nyuma. Ukimaliza jumlisha karatasi yako ndio uangalie majaji walisemaje. Rudia raundi ambazo umepishana nao.

Ukiwa na bando la kutosha mtafute tena Izonritei, safari hii Desemba 1996, yule yule wa Barcelona. Tua alimsimamisha raundi ya 12, deni likalipwa.

La Hasim Rahman, Desemba 1998, liangalie kwa makini kuanzia raundi ya 9. Rahman anaongoza kwa pointi, anampiga kwa umbali vizuri tu, kengele inalia na Tua anamtandika baada ya kengele. Raundi ya 10 refa anasimamisha, ushindi kwa Tua. Mimi naipenda sana kazi ya Tua lakini ile ngumi ilikuwa na makosa, na Rahman alistahili muda wa kupumzika. Jiulize mwenyewe kama ungekuwa refa ungefanyaje.

Sasa ndio uende kwa Lennox Lewis, bingwa wa dunia wakati huo, Novemba 2000, Las Vegas, mkanda ukiwa mezani. Wengi wanaanzia hapa halafu wanasema Tua alikuwa wa kawaida, sio kweli, ila lazima utazame miguu. Lewis ana sentimita 196 na mikono mirefu balaa, anamnyooshea ile ngumi ya mbele usiku mzima, Tua akisogea Lewis anamshika au anazunguka. Na Tua mwenyewe alikuja mzito, karibu kilo 111, kamlinganishe na yule wa Sacramento utaona tofauti. Hesabu kwenye kila raundi mara ngapi anaingia ndani akarusha ngumi zaidi ya moja. Utaumia. Anasubiri ngumi moja kubwa, na Lewis hakumpa nafasi hiyo. Mwaka uliofuata Chris Byrd alimfunga kwa njia nyingine, kwa kuhama hama tu, pitia raundi chache utaelewa.

Baada ya hapo jipoze na Michael Moorer, Agosti 2002, bingwa wa zamani kalala ndani ya sekunde 30. Kisha Oktoba 2009, Hamilton, Tua na Shane Cameron, New Zealand nzima ilikuwa inalisubiri, na Tua alikuwa ametoka kwenye miaka ya kesi na uongozi wake wa zamani kuhusu hela, hajapigana zaidi ya miaka miwili. Raundi ya pili ilikuwa imeanza sekunde chache tu, Tua akalimaliza.

Ukitaka kujaribu ile ngumi ya kushoto ya kuzungusha mwenyewe, anza mbele ya kioo bila glovu, taratibu, inama kushoto, inuka, geuza kisigino, mkono wa kulia ubaki shavuni. Begi la mazoezi lije baadae, na kocha awepo, maana kifundo cha mkono kikipinda kwenye begi zito unaumia vibaya.