Kabla ya Kuzuru Ngome za Mpakani Ureno

Aliyewahi kuingia Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, akifika Elvas, mji wa Ureno ulio mpakani na Hispania, atahisi kama anazifahamu kuta zile: nene, zimelala kidogo, zimechongoka pembe ili mizinga ya upande mmoja ilinde ubavu wa upande wa pili. Ila Elvas ni mji mzima uliozungushiwa handaki na kuta za namna hiyo, na juu ya vilima viwili nje yake zimo ngome nyingine, Santa Luzia na Graça. Ndiyo maana nasisitiza: usipange miji mitatu kwa siku. Elvas peke yake inataka siku nzima, na miguu yenye nguvu.

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipelekwe chini ya siku 15 kabla. Bima ya safari lazima ifidie matibabu ya euro 30,000 au zaidi. Viza hiyohiyo inatosha kuvuka hadi Badajoz, Hispania, lakini ukikodi gari uliza kwanza kama linaruhusiwa kuvuka.

Gari lenyewe karibu ni lazima, maana mabasi ya vijijini ni machache. Kule huendeshwa kulia. Kwenye kipilefti unaingia kwa kukata kulia, na unayempisha ni anayetokea kushoto kwako. Fanya mazoezi mahali penye nafasi kabla ya kuingia barabara kuu. Ukifika kwenye mji wa ngome, egesha nje ya lango, kwani vichochoro vya ndani ni vyembamba mno.

Jambo linalosahaulika ni saa. Hispania iko mbele ya Ureno kwa saa moja, na simu ikiwa mpakani inaweza kunasa mnara wa upande wa pili ikabadilisha saa bila wewe kujua. Iwekee saa ya Lisbon kwa mkono. Angalia pia siku za kufungwa: makumbusho mengi hayafunguliwi Jumatatu.

Kiangazi cha Alentejo, eneo ilimo Elvas, hupita nyuzi 40, na juu ya kuta hakuna mti. Mimi ningechagua Aprili, Mei au Oktoba. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, kwa kuwa mawe ya njiani yamesuguliwa na karne za nyayo na huteleza yakilowa. Marvão, mji mwingine wa ngome uliokaa juu ya mwamba wa mita zaidi ya 800, una sehemu za ukuta zisizo na kizuizi cha pembeni kabisa. Mtoto ashikwe mkono muda wote.

Soma historia kidogo kabla ya kwenda Almeida, mji wa ngome ulio kaskazini. Ukiuona msingi mtupu wa kasri lake bila kujua kilichotokea, utaupita kama kifusi. Tarehe 26 Agosti 1810, Wafaransa wakiwa wameuzingira mji, ghala la baruti lililokuwa ndani ya kasri hilo lililipuka likaua mamia ya watu, na ngome yenye pembe sita ikalazimika kusalimu amri. Nenda pale asubuhi mapema, kukiwa kimya, kisha zunguka ukuta wote kwa miguu.